Mwezi wa Luteni

Mkungu wa ndizi uliletwa nyumbani kwa binti yangu, hapa Gitega, juu ya baiskeli. Kijana aliyeuleta aliuegemeza ukutani, akakataa maji, akasema umetoka Gishubi kwa babu yake, na babu anauliza kama Filemo, ndiye mimi, bado anakula ndizi za maharagwe au Tanzania ilimharibu tumbo. Nilimuuliza babu yake ni nani. Alipotaja jina la Anselmi nilijikuta nimekaa kwenye ngazi ya mlango, mpaka binti yangu akadhani sukari imepanda, akaja mbio na kile kimashine chake cha kunitoboa kidole. Sukari ilikuwa sawa. Tangu nirudi kutoka Kigoma nilijua kwamba Anselmi yuko Gishubi, mwendo wa asubuhi moja tu, na kila Jumapili nilipata sababu ya kutokwenda: mvua, goti, ubatizo wa mjukuu. Nilimkosea mtu huyu katika mwaka mmoja wa ujana wetu. Yaliyoutangulia mwaka huo ni ya kawaida, kila mtu anayo ya kwake, nayaacha. Mwaka wenyewe ndio ninaourudia ninapokosa usingizi, na cha ajabu ni kwamba siurudii kwa uchungu tu. Sijawahi kuishi mwaka mwingine mzuri kama ule.

Nilikuwa na cheti cha sekondari, viatu jozi moja, na kazi ya kupiga mashine katika kambi ya jeshi hapa hapa Gitega. Sikuwa askari. Walinichukua kwa sababu nilijua Kifaransa cha shule na Kiswahili cha mtaani, na maofisa wengi waliosomeshwa na mapadri walikijua hicho cha kwanza tu. Nilipanga chumba cha matofali karibu na uwanja wa ndege, ambao siku hizo ulikuwa kipande kirefu cha majani walipochungwa mbuzi. Ndege ilipokaribia, askari walitumwa kuwafukuza mbuzi kwa fimbo, na rubani alizunguka juu akisubiri. Rubani huyo ndiye Luteni Anselmi. Alikuwa ameletwa na ndege ndogo ya injini moja akae Gitega kwa miezi, kazi yake kupita juu ya mpaka upande wa Muyinga na kurudi kusema alichokiona, ambacho kwa kawaida kilikuwa ng'ombe na moshi. Hakupenda kula mesi, bwalo la maofisa, akisema wanatafuna huku wamekaza shingo. Alikuja kwangu. Alivua buti mlangoni, akajilaza kwenye kitanda changu cha chuma, nami nikapika ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye mbabula, jiko la makaa, mlango wazi ili moshi utoke. Akilala hivyo aliongea juu ya mawingu kama mtu anayesengenya majirani. Hili la asubuhi halina neno, lile la mchana lina roho mbaya, usiligeuzie mgongo. Mpaka leo nikinusa ndagala zinakaangwa nasikia sauti yake ikitoka kitandani, nami nimempa mgongo, nakoroga.

Jumapili moja, baada ya misa, alinipandisha. Haikuruhusiwa, lakini askari wa zamu alikuwa amekula kwangu mara nyingi na alitazama pembeni. Anselmi alinifunga mkanda kama mama anavyomfunga mtoto mgongoni, akaniambia nikitaka kutapika nitapikie kofia yangu, ya kwake ni ya serikali. Sikutapika. Nililia kidogo, na nilimshukuru kwa kutonitazama. Gitega ilikuwa chini yetu, mabati yanang'aa, milima imelaliana kama ng'ombe walioshiba, na watu waliotoka kanisani walikuwa vitone vyeupe njiani. Nilimtazama Anselmi mikono yake ikiwa kwenye usukani. Chini alikuwa mtu wa kawaida, mwenye haya kidogo, anayecheka kwa kufunika mdomo. Kule juu alikaa kama mtu aliyefika kwao. Nilielewa siku ile, bila kuambiwa, kwamba ukimwondolea mtu huyu ndege utamwachia kidogo sana. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba sikujua.

Jioni iliyoharibu mambo ilikuja katikati ya mvua za kwanza. Jua lilikuwa limeshazama na ndege haijarudi, na uwanja wetu haukuwa na taa. Askari waligeuza magari ya kambi yamulike majani. Tulisikia injini kabla ya kumwona, kisha akatokea kwenye mwanga, chini mno, akagusa, akaruka, akagusa tena. Gurudumu la mbele lilivunjika na panga la ndege likapinda kama kijiko. Nilimkimbilia. Alikuwa mzima, amekaa tu, mikono bado kwenye usukani, na neno lake la kwanza halikuhusu ndege. Alisema, “Filemo, kilinisubiri.”

Alichoeleza usiku ule, na kesho yake, na kila alipoulizwa, hakikubadilika. Alikuwa akirudi kutoka mpakani, amefika juu ya Gashoho, jua limezama muda mfupi uliopita. Upande wa magharibi mawingu yaliacha uwazi, na katika uwazi ule palikuwa na mwanga mwembamba, umepinda kama kucha, rangi ya siagi. Alidhani ni mwezi mwandamo na hakuujali. Kisha ukakatisha mbele yake kutoka kulia kwenda kushoto, ukasimama. Alipousogelea ukaondoka tena, taratibu, ukasimama mbali zaidi. Akaufuata. Hiyo ndiyo kazi waliyomtuma, kuona kilicho angani karibu na mpaka. Akaufuata mpaka alipokumbuka mafuta na giza, na alipogeuka kuutazama mara ya mwisho haukuwepo. Mesi walicheka wiki nzima. Walimuuliza kama malaika yule alikuwa wa kike. Walimwekea kiti kitupu mezani, cha mgeni wake.

Bujumbura walimtuma Komanda Gervasi kuchunguza. Alikuwa ofisa mkimya mwenye vidonda vya tumbo, mtu wa haki kwa kadiri alivyoweza, aliyetembea na chupa ya maziwa ndani ya gari na kuyanywa kwa huzuni. Alituambia wazi jinsi alivyoipanga kesi kichwani. Ndege ya serikali imevunjika. Kama kuna mtu hata mmoja wa huku chini ardhini aliyekiona kitu hicho kikitembea, basi Luteni alifuata alichotakiwa kufuata, na ajali ni ajali ya kazi. Kama hakuna, basi alikuwa akicheza au amelewa, na hatapanda ndege tena. Shahidi mmoja tu. Anselmi alisikiliza amesimama wima, akapiga saluti, akatoka nje akatapika nyuma ya ofisi, yeye ambaye angani hakuwahi kutapika.

Tulikwenda upande ule kwa gari la jeshi: Komanda mbele na dereva, Anselmi na mimi nyuma, mashine ya kuandikia magotini kwangu. Tulianzia Gashoho, siku ya soko. Watu waliitwa wakasimama mbele yetu wakiwa wameacha bidhaa zao, na mimi nikatafsiri hata pale ambapo haikuhitajika, kwa sababu Komanda alitaka kila swali liulizwe mara mbili. Mliona mwanga? Ego. Ulikuwa mkubwa? Ego, ndiyo. Au labda mdogo? Ego, mdogo. Mwishowe mwanamke aliyeuza maharagwe, mtu mzima, alipiga goti kwa heshima akauliza kwa upole kabisa, “Wakubwa, mnataka tuwe tuliona nini? Tuambieni, tumechoka na jua.” Watu hawakucheka. Anselmi peke yake alifunika mdomo. Komanda alifunga faili, akafungua maziwa. Alijua, na sisi tulijua, kwamba ushahidi wa aina hiyo hauwezi kumfaa mtu.

Muyinga ilikuwa habari nyingine. Komanda alilala kwa mapadri kwa ajili ya maziwa, Anselmi akalala kambini, mimi nikapata chumba katika mtaa wa Waswahili kwa Mama Zuhura, aliyewapikia madereva wa malori yaendayo Tanzania. Ilikuwa nyumba ya ua mmoja, jiko upande huu, chumba cha wageni upande ule, na katikati mkeka ambao haukukunjwa mchana kutwa. Kulikuwa na harufu ya tangawizi na ya vitunguu vinavyoanza kuwa vyekundu. Mumewe, Mzee Ramadhani, alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani na cherehani yake ya miguu, mwembamba, ndevu nyeupe, na alipotunga uzi kwenye sindano aliinua sindano juu, akaielekeza mbinguni, akaupitisha uzi mara moja bila miwani. Wapita njia walisimama kumtazama akifanya hivyo. Anselmi aligundua nyumba ile siku ya pili akaanza kuja kula nasi, akiacha buti mlangoni kama kwangu Gitega. Mama Zuhura alimpenda kwa sababu alikula bila kusema. Mimi alinisema. “We Filemo, unakula kama mtu anaogopa sahani. Kula, baba. Sahani haiume watu.” Nilinenepa katika uchunguzi ule. Ndiyo aibu ya kumbukumbu, kwamba ninapofikiria wiki zilizomwangamiza rafiki yangu, kinachotangulia ni ladha ya lengalenga zake, mchicha uliotiwa karanga.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini mtaa ule haukuwa na amani. Watu walikuwa wakipishana bila salamu. Mtaa wa juu walinunua nyama mbali wakati Issa, mchinjaji wa mtaa wa chini, alikuwa hapo hapo. Nilielezwa kidogo kidogo, na dereva huyu, na jirani yule. Jioni ile ile ambayo Anselmi alikuwa juu ya Gashoho, hapa Muyinga ilikuwa jioni ya kutafuta mwezi wa Idi. Wanaume wa mtaa mzima walisimama kwenye uwanja ulio juu ya soko wakitazama magharibi. Mawingu yalikuwa mengi, wakakaribia kukata tamaa. Ndipo Mzee Ramadhani, yule wa sindano, akanyoosha mkono akapiga kelele kwamba ameuona. Kijana mmoja kando yake akasema naye ameuona. Waliobaki hawakuona, uwazi ukafungika. Lakini macho ya fundi yalijulikana. Mtaa wa juu, kwa akina fundi, walishikana mikono, kesho yake wakafungua, wakasali Idi, wakala sambusa. Mtaa wa chini walisema hawafungui kwa macho ya mtu mmoja na mtoto, wakafunga siku moja zaidi. Redio nayo ikatangaza Idi siku ile ya mtaa wa chini. Tangu hapo Muyinga ilikuwa na Idi mbili na kinyongo kimoja.

Kwa Komanda hili lilikuwa zawadi. Mtaa mzima wa watu, wote wamesimama, wote wanatazama magharibi, dakika ile ile! Aliwaita kwenye uwanja ule ule wa mwezi. Nilitafsiri swali lake, nami nikiwa bado sijui nilichokuwa nikikiuliza: jioni ile, nani aliona mwanga unaotembea? Wa juu na wa chini wakatazamana kwa namna ambayo sikuielewa mara moja, kisha Issa mchinjaji akasogea mbele, mikono nyuma, uso umejaa furaha. Alisema wao wa chini hawakuona kitu ila mawingu. “Uliza wenye macho, Komanda. Bon, wao ndio waliona. Tena waliona vizuri, mpaka wakapika.” Mtaa wa chini wakacheka, na mtoto mmoja akasema kwa sauti kwamba hiyo ilikuwa Idi ya ndege, akapigwa kofi na mama yake, lakini jina lilikuwa limeshazaliwa. Hapo ndipo nilipoelewa. Kama kulikuwa na mwanga uliotembea, hakukuwa na mwezi, na mtaa wa juu wote walikula mchana wa mfungo wa Ramadhani kwa neno la mtu mmoja. Komanda alimgeukia Mzee Ramadhani. Mzee alisema aliona mwezi. Ulisimama au ulitembea? “Mwezi ni mwezi, Komanda,” akasema, na macho yake, yale yaliyokuwa yakitunga uzi dhidi ya mbingu, yalikuwa yakitazama viatu. Anselmi alisimama kando, kofia mkononi, akimtazama yule mzee kama mtu anayetazama mlango ukifungwa taratibu.

Kesho yake mchana ilinyesha. Nilikuwa chumbani kwa Mama Zuhura napiga mashine maelezo ya jana, na mvua ilipiga bati kwa nguvu hata sikuweza kusikia herufi zikigonga karatasi. Kisha ikakatika ghafla, kama mvua za kule zinavyokatika, na upande wa pili wa ukuta wa matete nikasikia Mama Zuhura akimwambia mumewe, “Mwambie ule mtoto wa watu. Iko anakula kwangu kila siku na iko anapunguka.” Mzee akauliza amwambie nini. “Ile uliniambia mi. Kama ilitembea.”  Maji yalidondoka kutoka kwenye bati. Kisha Mzee Ramadhani akasema maneno ambayo nayajua kwa moyo.

“Ilitembea, ndiyo. Kama mtu amebeba taa iko anatafuta njia. Mais mi nilikuwa nimeisha kupiga kelele. Watu wameisha kushikana mikono. Ile kelele nitairudisha wapi? Mtaa mzima walikula sababu ya mdomo yangu, Mama Zuhura. Leo nisimame mbele ya Issa niseme nini?”

Niligundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vimesimama juu ya mashine. Shahidi tuliyemtafuta milima yote alikuwa upande wa pili wa matete, na nilikuwa nimeshiba chakula chake. Siwezi kudai kwamba nilishindana na nafsi muda mrefu. Niliwaonea huruma wale wazee, huo ni ukweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba pale pale nilipata wazo, na wazo lilinipendeza kwa sababu lilikuwa langu. Nilijiona nikiimaliza kesi ambayo ofisa wa Bujumbura ameshindwa kuimaliza, kila mtu akiondoka na chake, na mimi karani katikati nikishukuriwa na pande zote. Nilikuwa na cheti cha sekondari. Kilinitosha kujiona mwenye akili, na hakikunifundisha kwamba mtu mwenye akili ndiye anayefanya makosa yanayodumu.

Jioni hiyo tulikaa na Anselmi kwenye benchi la barazani, vikombe vya chai vinatuunguza vidole. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Akaniuliza, bila kunitazama, “Wewe unaongea na hawa watu, wanakuzoea. Hakuna hata mmoja?”

“Hakuna,” nikasema.

Kisha nikampa wazo langu. Aseme ulikuwa mwezi. Yule mzee anaapa kwamba aliona mwezi, kijana kando yake anaapa, saa ni ile ile, upande ni ule ule. Komanda atakuwa na mashahidi, hatakuwa na mlevi wala mwongo, atakuwa na rubani aliyedanganyika na mwezi kati ya mawingu, na nani hajawahi? Anselmi alisema mwezi haukatishi mbele ya ndege. Nikamwambia mawingu ndiyo yaliyotembea, hata mtoto akiwa ndani ya gari anaona mwezi unamfuata. Alisema ulimsubiri. Nikamwambia alikuwa amechoka. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Alitazama mikono yake, akiigeuza, kama mtu aliyeazima mikono ya mwingine, kisha akasema, “Labda.” Kumwambia hakuna halafu kumsikiliza akisema labda, juu ya kitu alichokuwa amekiona kwa macho yake, na mimi nikijua kwamba alikiona: hicho ndicho nilichokifanya. Yaliyofuata yalikuwa makaratasi.

Na yalikwenda kama nilivyopanga. Komanda alifurahi, akasaini, tumbo lake likatulia. Habari ilipita mtaani kabla wino haujakauka kwamba serikali yenyewe imethibitisha mwezi wa mtaa wa juu. Issa mchinjaji alinyamaza, kisha siku moja akapeleka paja la mbuzi barazani kwa fundi bila maneno, na Mama Zuhura akapika pilau, wa juu na wa chini wakala mkeka mmoja. Anselmi alikaa kati yao, akatiliwa nyama nzuri, akacheka kwa kufunika mdomo. Nilikuwa na furaha. Nisiwadanganye wasomaji, sikuwahi kuwa na furaha kama ile. Kitu kimoja tu kilinitatiza. Jumatatu iliyofuata, tukiwa bado Muyinga kusubiri amri ya kurudi, nilipokuja kula mchana, sahani ya Mzee Ramadhani ilikuwa imefunikwa na nyingine, na yeye alikuwa kwenye cherehani, midomo mikavu. Niliuliza kama anaumwa. Mama Zuhura alisema amefunga. Jumatatu nyingine vivyo hivyo. “Analipa,” akaniambia kwa sauti ya chini, akipepeta mchele. “Shehe alimwambia siku moja inatosha. Hasikie. Anasema ile haikuwa siku yake peke yake.” Serikali ilikuwa imempa mwezi wake, naye aliurudisha, Jumatatu kwa Jumatatu, bila kumwambia mtu.

Jibu la Bujumbura lilifika Gitega mvua zikiisha. Hawatamdai fidia ya ndege. Hatashtakiwa. Ila rubani anayeshindwa kutofautisha mwezi na ndege, na kuufuata mwezi mpaka mafuta yaishe, hawezi kukabidhiwa ndege nyingine. Wakampeleka kwenye bohari la matairi. Sikuwa nimeliwaza hilo kabisa, jambo ambalo mwanamke wa maharagwe wa Gashoho angelifikiria kabla ya mimi kumaliza kusema. Asubuhi ya kuondoka kwake alikuja ofisini kuniaga. Nilimsikia akifuta buti nje, nikamwambia askari wa mlangoni aseme nimetoka. Alisimama pale kidogo, kisha buti zikaenda. Mashine yangu ilikuwa na karatasi ndani na sikuwa napiga kitu. Mwaka ule uliisha hapo. Miaka iliyofuata ilinipeleka Kigoma, kama ilivyowapeleka wengi, nikalima huko, nikaoa huko, nikajifunza Kiswahili hiki ninachokiandikia.

Basi juzi nilipanda pikipiki mpaka Gishubi, nimeshika goti kwa mkono mmoja na mfuko kwa mwingine. Anselmi alikuwa amesimama kando ya njia ya nyumbani kwake, mwembamba, mweupe kichwa kizima, na alinitambua kabla mimi sijamtambua, kwa sababu mtoto wa jicho amelifunga jicho moja na la pili haliko mbali. Tulikula ndizi za maharagwe ndani ya chumba chake cha mbele. Ukutani, kwenye msumari, lilitundikwa koti la kijivu, kuukuu, limepigwa pasi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilianza kusema kwamba kule Muyinga, mchana wa mvua, nilisikia jambo upande wa pili wa matete, na akaninyamazisha kwa kijiko.

“Najua,” akasema. “Mzee Ramadhani alikuja hapa. Zamani sana, nilipotoka jeshini. Hakuwa na vipimo vyangu, alinishonea kwa kunikumbuka tu, na angalia mabega yale, yalinikaa sawa.” Akaonyesha koti kwa kidevu. “Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia ile kitu ilitembea. Akaniambia na wewe ulisikia. Mvua ilikatika, akasema, na mashine yako nayo ikakatika. Alijua tangu siku ile.”

Nilimuuliza, kama ameishi nalo muda wote huo, kwa nini hakunitafuta. Alisema hakuwa na haraka ya kunisikia nikisema jambo analolijua. Alitaka tu nije, na alipoambiwa na watu wa soko kwamba nimerudi Gitega, alisubiri kila Jumapili, mpaka akaona atazeeka vibaya, ndipo akakata ndizi. Kisha akautazama mfuko wangu. “Yeye alikuja na koti. Wewe umeleta nini?”

“Sukari,” nikasema. “Na sabuni.”

Akacheka, mkono mdomoni, yule yule. Alicheka mpaka mkewe akaja kutuchungulia. Sikuweza kucheka naye mara moja, kisha nikaweza. Niliomba msamaha, naye hakusema amenisamehe wala hajanisamehe, alisema nimalizie maharagwe. Jua lilipozama tulitoka nje, kwenye viti viwili vilivyotazama magharibi. Nilielewa kwamba kimoja kimekaa pale miaka mingi, na cha pili kimetolewa leo. Bonde lilikuwa linajaa moshi wa jikoni. Kwenye mwanga wa mwisho niliona kitu juu ya mlima wa mbali, chembamba, au nilidhani nimeona, kwa jicho langu hilo siwezi kuapa, na kilionekana kama kinasogea.  Nilimuuliza ni nini kile.

Anselmi alitazama kwa muda. Hakuwa na haraka. Alitazama kama alivyotazama zamani kule juu, amekaa kama mtu aliyefika kwao.

“Mwezi,” akasema. “Leo ni mwezi tu, Filemo.”

Nami nikamwamini.